Ganda Halitupwi Bado

Jenipha rafiki yangu,

Tangu tukuzike, mvua zimekatika huku Heru Juu na maharage yamekomaa. Mbuzi wenu mwekundu kazaa pacha. Na mimi nimekwama kwenye neno moja la Kikorea, wa kubishana naye sina.

Neno lenyewe ni dari. Kwetu dari iko juu ya kichwa. Kwao ni mguu, na tena ni daraja. Kwa nini? Wewe ungesema daraja nalo linasimama kwa miguu, na usingekubali kushindwa mpaka simu izime chaji. Nun nalo ni jicho, tena ni theluji. Unakumbuka tulivyoihangaikia hiyo theluji, tukaokota mvua ya mawe tukaiweka kwenye sufuria, ikayeyuka kabla hatujaielewa?

Baada ya msiba niliogopa kuja kwenu. Uani kwenu ndiko tulikojifunzia Kikorea kwa simu, tukimenya maharage mabichi, na sheria uliiweka wewe: ganda halitupwi mpaka maana zote za neno zitajwe. Mama yako alikuwa akikaa pembeni, akitucheka kwamba tumerogwa na simu. Nikawaza, nikitamka Kikorea pale bila wewe nitamtonesha kidonda. Nikaamua kuacha. Nilikulilia wewe, nikakililia na Kikorea, usinicheke.

Jumamosi mama yako akaniita nikamsaidie maharage. Tukamenya, kila ganda likitupwa papo hapo. Kisha akapasua ganda, asilitupe.

"Mwana wanje," akaniita mwanawe kwa Kiha, "nun ni nini?"

Nikasema jicho.

Akabaki na ganda mkononi. "Na nyingine?"

Nikamwambia theluji. Ndipo akalitupa. Kumbe siku zote zile alikuwa anasikiliza. Neno bae analijua kwa maana zake zote tatu, tumbo, mashua na lile tunda la peasi, na mimi hiyo mashua huwa naisahau. Ila kwamba dari ni mguu na tena daraja, hajanikubalia. Anasema Wakorea wana lao jambo.

Kwa hiyo siachi. Kila Jumamosi nitakuwa uani kwenu na neno jipya. Siku nikielewa mguu na daraja vimekutana wapi, nitamwambia mama yako kwanza, kisha nitakuja kaburini nikuambie na wewe.

Pumzika, mbishi wangu. Kigoda chako anakikalia mama yako.