Kikwembe cha Mama Hadidja Mlangoni

Jumatano, 2 Mei 1979

Citoyen Tambwe, mwalimu wetu wa Kifaransa, ameniita baada ya somo. Nilidhani nimeharibu dikte, imla ya leo. Kumbe ni habari ya kikundi cha teatri cha darasa letu! Kamati ya Bukavu itaalika shule moja ya Kindu kwenye mashindano. Inataka ripoti ya mwanafunzi aliyetazama mchezo bila kucheza, na prefe, mkuu wa shule, aigonge muhuri. Bila muhuri hakuna Bukavu.

"Weye, Tshiela, unaona kila kitu na husemi kitu. Hii njo kazi yako."

Sijui kama ni sifa. Nimekubali kwa kichwa.

Hawatacheza jukwaani. Watacheza nyumbani kwake Citoyen Tambwe, hapa mtaa wa Kasuku, ndani na uani. Ni matanga: baba wa nyumba, mtu wa reli, amekwisha kuzikwa, na ndugu zake wanakuja kumnyang'anya mjane mali. Na watazamaji hawatapewa viti vya kutazamia. Watakaa mkekani kati ya wafiwa, watapewa chai, watatumwa maji, kama majirani.

Mjane ni Ndaya. Ndaya rafiki yangu—anayecheka hata tukipandisha bendera!

Ijumaa, 4 Mei

Mazoezi. Masudi, anayeigiza ndugu wa marehemu, anasema upesi mno. Nimeandika. Ndaya amecheka mara tu alipoambiwa alie. Nimeandika pia, kwa masikitiko.

Mwisho wa mchezo ni huu: Masudi na wenzake wanabeba mashini ya kushona, wanatoka nayo mlangoni, mjane anabaki na mkeka mtupu. Kimya. Basi.

Mama ameniuliza nyumbani kama kuigiza matanga hakuleti mkosi. Baba, bila kuacha gazeti: "Mukosi ni ndugu zangu wenyewe." Mama amecheka. Mimi pia, halafu nikawaza.

Jumamosi, 5 Mei

Lazima niandike leo.

Tulimaliza salongo—shule nzima kung'oa majani kando ya barabara—kisha tukaenda kwa Citoyen Tambwe. Mlangoni msichana wa darasa la nne alitushika mikono, kila mmoja, akatuambia pole. Hakucheka. Nikavua viatu bila kuambiwa. Prefe naye alikuja, na suti yake ya abakosi, ile isiyo na tai, iliyopigwa pasi. Walimkalisha chini kama sisi! Akapewa kikombe. Na—nimeona kwa macho yangu—akamwinamia Ndaya, mwanafunzi wake mwenyewe, akasema kwa sauti ya chini: "Pole, mama."

Ndaya alilia. Si kelele. Kilio kile kinachoanzia tumboni. Nilisahau kwamba jana alikuwa anacheka. Nilisahau kalamu.

Sasa jambo lenyewe. Kilio kilisikika hadi barabarani. Mama mmoja alikuwa anatoka sokoni, mzigo wa kuni kichwani. Hatukumwalika. Akaingia, akatua kuni zake penye moto, akaketi karibu na Ndaya, akamshika goti. Ndaya hakuacha mchezo! Akamlalia begani. Ni Mama Hadidja, anayeuza mchele wa Kibombo.

Ndipo Masudi na wenzake wakaingia. "Kaka yetu alinunua hii mashini. Mwanamuke alikuja hapa na nini? Na kikapu!" Wakaibeba.

Mama Hadidja akasimama. "Weye! Mutoto wa nani? Kaburi halijakauka!"

Masudi akajibu kama ilivyoandikwa: "Hii ni mambo ya ukoo."

"Ukoo? Ukoo ulilala wapi alipokuwa mugonjwa?"

Hilo halimo kwenye maandishi. Masudi akatazama huku na huku, akasukuma wenzake kuelekea mlangoni. Mama Hadidja akawatangulia. Akafungua kikwembe chake cha juu, kitenge cha kujifunga kiunoni, akabaki na cha ndani, akakitandika kile cha juu kizingitini.

"Haya. Ruka."

Nani ataruka nguo ya mama? Mwanaume anayekanyaga au kuvuka nguo iliyotandikwa hivyo, mama akiwa amesimama hapo, anajitafutia laana. Kila mtoto wa hapa anajua. Prefe alivuta miguu yake chini ya suti, na alikuwa mbali na mlango!

Masudi alisimama na ile mashini. Jasho. Hakuwa tena ndugu wa marehemu, alikuwa Masudi. Akaitua. Akakaa chini. Mama mmoja akapiga kigelegele, matangani! Halafu Ndaya akatambaa, akaweka mkono juu ya mashini yake.

Huo ndio ukawa mwisho. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wanafuta macho.

Nilikuwepo. Naandika tena: nilikuwepo.

Jumapili, 6 Mei

Ripoti nimeiandika baada ya misa. Makosa nimeyaweka: Masudi na haraka yake, radio ya jirani, vikombe vichache. Kisha nimeandika kwamba mchezo ulikuwa wa kweli hata mtu asiyeujua aliingia kumtetea mjane, na wachezaji hawakumwacha mgeni huyo peke yake. Nadhani ni sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nimeisoma kwa sauti kwenye kioo. Nikaona haya.

Jumatatu, 7 Mei

Prefe amekataa muhuri.

Si kwa ukali. Amesema mchezo umemgusa. Lakini: "Mutu wa barabarani anasimama bila kupangwa, maandishi yanavunjika, wakubwa wa ukoo wanazuiwa kupita. Bukavu watasema nini? Watasema Kindu kuna fujo." Akanisogezea karatasi. "Andika kwamba huyo mama ni mumoja wa wachezaji, kwamba mulifanya naye mazoezi. Sentensi moja tu. Nagonga leo."

Nikaichukua karatasi. Nikasema nitaileta keshokutwa. Hata hilo alilisikia kwa shida.

Ndaya na Masudi walikuwa wananisubiri nje. Nilipowaambia, Ndaya akanishika mabega. "Basi andika! Tshiela, tutaona ziwa la Bukavu! Ni sentensi moja, dada yangu. Itamuumiza nani?"

Masudi, yeye, akasema: "Kama alikuwa mchezaji, basi mimi niliogopa bure." Akaondoka.

Jumanne, 8 Mei

Nimekwenda sokoni. Nimezunguka meza yake mara nyingi kabla ya kusimama.

"Unanunua ao unapima udongo?" Mama Hadidja akaniuliza.

Nikamwambia mimi ni nani. Akacheka hadi mchele ukamwagika. Sasa anajua ilikuwa teatri; soko zima linamtania, wanamwita Mama Sinema. "Nilipeleka kuni kwa marehemu ambaye hayuko! Na nyinyi mukazichoma!"

Nikamweleza habari ya sentensi. Nikamwomba ruhusa—nilikuwa nimekwisha kuamua kuiandika, kwa ajili ya Ndaya, kama akikubali.

Akaacha kucheka.

"Mutoto, sikiliza. Baba ya Hadidja, bwana yangu, alipokufa, ndugu zake walikuja namna ile ile. Walibeba hata sufuria yenye mboga ya sombe ndani. Mimi nililia tu. Hakuna mutu aliyesimama. Hakuna." Akachota mchele, akausawazisha kwa kiganja. "Jumamosi mimi sikucheza. Nilikataza. Usiniandike mwenye kucheza."

Akanisukuma kwa kiwiko. "Na yule mujane wenu analia vizuri. Mwambie."

Nimemwambia. Ndaya akasema, "Basi acha." Akageuka upesi. Najua alivyoitaka Bukavu.

Jumatano, 9 Mei

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi. Mlango uko wazi.

Nimempa prefe ripoti. Sentensi yake haimo. Nimeongeza nyingine, mwishoni, kwamba kikundi hiki kilicheza vizuri hata Mama Hadidja akapata Jumamosi nafasi aliyoikosa siku yake mwenyewe ya matanga, na kwamba shule ikifanya hivyo haina sababu ya kuona haya. Jina langu chini. Herufi kubwa.

Niliiweka mezani nikasema, "Citoyen prefe, yule mama hakucheza." Nilisema! Kwa sauti! Katibu aligeuka.

Akaniambia nisubiri.

Anasoma polepole. Muhuri uko kando yake, na kile kisahani cha wino, kimefunikwa. Citoyen Tambwe amepita, hakuniuliza, amenigusa bega tu. Ndaya na Masudi wako pale uwanjani, wanajifanya wanafagia.

Amegeuza ukurasa. Amevua miwani. Amerudi ukurasa wa kwanza—kwa nini amerudi?

Sasa anaita jina langu. Si hasira, si furaha, siwezi kutambua.

"Tshiela! Huyu mama, nyumba yake iko wapi? Yeye sijamupa pole bado."