Sanduku la Mninga Lisilopata Joto

Kalinzi, 6 Juni 2004

Mwanangu Eliakimu,

Salamu nyingi kutoka huku juu. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonikumbusha umri. Kahawa imeiva vizuri mwaka huu, na asubuhi ukungu unalifunika ziwa lote, ukaona milima ya ng'ambo inaelea yenyewe. Wewe hujambo? Unakula?

Mama yako mdogo Agnesi bado hajulikani alipo. Ni miezi minane tangu vita ifike kijijini kwao Burundi. Kila Jumamosi saa kumi jioni nafungua redio kusikiliza kipindi cha majina, wanaposoma wakimbizi waliofika kambini na ndugu wanaowatafuta. Nasikiliza mpaka mwisho, na nasikiliza kwa hofu. Siku anaolewa nilimwambia akivuka mpaka asinitafute tena. Ilikuwa hasira ya kijinga, na Agnesi ni mtu wa kushika neno.

Ile kaseti ambayo marehemu baba yako aliturekodi kanisani Ujiji, mimi na Agnesi tukiimba, ndiyo sauti yake pekee niliyobaki nayo. Lakini amplifaya ya baba yako inakunywa betri. Upande mmoja wa kaseti ukiisha, betri nayo imekwisha, inabidi irudi mjini Mwanga kuchajiwa, na chombo chenyewe kinachoma mkono. Wewe ni fundi wa mambo hayo. Nisaidie.

Mama yako.


Dar es Salaam, 27 Juni 2004

Mama yangu, shikamoo.

Barua yako niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama mlangoni. Huku ni wazima, na ninakula, usiwe na wasiwasi. Goti lipake mafuta ya moto jioni.

Mwalimu Mudathir anarudi Kalinzi kwa treni ya wiki hii, nimempa mzigo wako. Ni amplifaya ya aina wanayoiita klasi D. Nimeitoa kwenye deki ya sinema iliyokufa. Ile ya baba inaachia umeme muda wote, nusu unageuka joto bure. Hii inawasha na kuzima, inawasha na kuzima, haraka mno, mara laki kadhaa kwa sekunde moja, na sikio linasikia wimbo mmoja uliotulia. Betri itadumu wiki mbili.

Mzee Hamdani mwenye duka anasema klasi D ina sauti kavu, ya kupigia besi kwenye magari, si ya mtu kukaa nyumbani akasikiliza. Tulibishana wiki nzima. Nikasokota koili zake upya kwa mkono, nikafunga spika kuukuu, nikamwita. Alisikiliza wimbo mzima, kisha akaomba urudiwe.

Kasha lake la bati nimelitupa, lilikuwa baya mno. Nimechonga jingine la mninga lifanane na vyombo vya baba. Halipati joto, unaweza kuliacha limewashwa kutwa.

Siku ya kwanza fanya alivyotufundisha baba. Kaa hatua tatu mbele ya spika, fumba macho, usiseme neno mpaka wimbo uishe.

Mwanao, Eliakimu.


Kalinzi, 8 Agosti 2004

Mwanangu,

Habari za huko kwenye joto? Sisi tunamshukuru Mungu, kahawa imeanikwa na goti limesikia mafuta.

Sanduku lilifika mwanzoni mwa mwezi wa saba bila mkwaruzo. Nilifanya ulivyosema. Nilikaa, nikafumba macho. Eliakimu, kumbe siku ile mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati la kanisa. Miaka ishirini na zaidi nasikiliza kaseti ile, sikuwahi kuisikia. Nimemsikia Agnesi akivuta pumzi kabla ya kila ubeti. Na wimbo ulipokwisha, kabla baba yako hajazima mashine, kuna mtu ananong'ona: "Dada, umeanza juu mno." Ni yeye. Nilicheka mwenyewe chumbani, halafu nikairudisha kaseti nyuma.

Ubaya wake nao niuseme. Amplifaya ya baba yako ilikuwa na uvuguvugu, kama watu wanaimba wamejifunika blanketi. Hii yako imelivua blanketi. Siku nyingine nalitamani lile blanketi. Lakini nazidi kuizoea, na mchana nikipepeta maharage nasikia kama kanisa zima limehamia kwangu na ziwa liko nje ya dirisha.

Nimeipa heshima yake. Iko juu ya meza ya baba yako, nimeitandikia kitambaa nilichofuma, na juu ya kitambaa nimeweka redio. Vinapendeza. Siizimi tangu asubuhi, maana ukiigusa ni baridi kabisa.

Ila tangu mwezi wa saba kipindi cha majina hakipatikani. Unatoka mvumo tu, kama nyuki walio mbali. Nadhani kituo kimebomolewa, au majina yamekwisha. Mwezi wa tisa ukianza nitamwomba padri amsomee Agnesi misa ya marehemu. Nimechoka kungoja, mwanangu. Angalau namsikia akivuta pumzi.

Mama yako.


Dar es Salaam, 19 Agosti 2004

Mama, shikamoo. Nisamehe, leo sina salamu ndefu.

Kituo hakijabomolewa. Mvumo huo unatoka kwenye sanduku langu. Kule kuwasha na kuzima kunatoa mawimbi yake, yanaingia kwenye masafa ya redio yako na kuyafunika. Kasha la bati nililolitupa ndilo lililokuwa likiyazuia yasitoke. Nilitaka uzuri wa mbao. Hapa mjini hakuna anayesikiliza masafa hayo, tunajaribu kila kitu kwa kaseti, kwa hiyo sikugundua. Nilipomweleza Mzee Hamdani hakunisuta, na ingekuwa afadhali angenisuta.

Jumamosi chomoa waya wa betri kabisa, beba redio mpaka shambani kwenye kahawa, kisha uifungue. Misa isubiri, nakuomba sana. Nimeanza kukata boksi jipya la bati, nitalituma kwa mtu wa kwanza anayekuja huko.

Majina ya wiki zote hizo sijui tutayapata wapi. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Mwanao, Eliakimu.


Kalinzi, 19 Septemba 2004

Mwanangu Eliakimu,

Pokea salamu zetu. Nimeandika zetu, na nataka ulisome neno hilo polepole.

Barua yako ilifika Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu, kabla sijaenda kwa padri. Kesho yake nilichomoa waya, nikaenda na redio hadi kwenye mibuni ya mwisho, pale unapoona maji. Majina yakaja safi, moja moja. Hakuwemo. Mwishoni wakasoma wale ambao hawakujibiwa, kwa mara ya mwisho: "Agnesi binti Anatoli, aliyeko kambini Kasulu, anamtafuta dada yake Melania wa Kalinzi. Tumemsoma Jumamosi tano." Nilikiacha kikapu cha kahawa palepale, nikaenda kutafuta nauli.

Jumatatu nilikuwa kambini Kasulu. Nilimkuta nje ya hema anachambua maharage, amekonda. Hakuinuka. Akaniambia, "Nilijua umenisikia ukanyamaza, mukuru wanje, dada yangu mkubwa. Nikasema basi, si alishaniambia nisimtafute." Nikamweleza habari za sanduku, mbao, bati. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza mtoto aliyevunja chungu.

Mwalimu Mudathir alihangaikia kibali, tukapewa siku kumi na nne aje kwangu. Siku tatu za kwanza alinisalimu na kunishukuru kwa chakula, basi. Ilinikata maini, mwanangu. Nyumba nzima ilikuwa na mgeni.

Jumamosi saa kumi nilifungua redio palepale juu ya kitambaa. Majina yakasikika. Nikachomeka waya wa sanduku. Mvumo ukayameza yote. Nikachomoa, yakarudi. Nikachomeka, yakapotea. Agnesi aliacha kijiko.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaja akaweka kiganja juu ya mninga, akauliza ilikuwa Jumamosi ngapi. Nikamwambia zote tano. Alisimama ndani ya mvumo ule, kisha akanikumbatia shingoni na tukalia sote wawili kama tumefiwa.

Baadaye nikaweka kaseti. Alisikiliza amefumba macho, bila kuambiwa. Mnong'ono ulipofika akasema bila kufumbua, "Na mpaka leo unaanza juu mno."

Kibali kinakwisha Alhamisi. Nitamsindikiza kambini na unga wake, kisha tutaomba kingine, na kingine. Lile boksi la bati usilitume. Jumamosi nitachomoa waya mwenyewe. Agnesi hataki mvumo ufungiwe, anasema ndio shahidi wangu pekee.

Mama yako,
na mama yako mdogo.