Sauti Yangu Kwenye Simu Mpya

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za Mama na zangu. Jeraha la juu ya jicho limefunga? Sisi tunapumua. Yaliyomo humu sijamwambia mtu, hata Mama, kwa hiyo soma ukiwa peke yako.

Najua umenikasirikia kwa kutokuja kukuona hospitalini. Ulimwambia Mama kwamba vitabu vimenikausha moyo. Dada, ni simu. Ile simu mpya aliyoninunulia baba wa kambo, majirani wakamsifu, ilikuja na mtego ndani, programu ya upelelezi inayorekodi kila kitu. Aliona kila nilipokwenda, na kila jioni alisikiliza simu zote nilizopiga. Kuiacha nyumbani sikuthubutu, kwa kuwa alipiga saa yoyote, na nisipopokea aliyeumia ni Mama. Ningekuja kwako, ningemleta mlangoni pako tena, yeye aliyekupasua juu ya jicho.

Fundi simu, yule tunayemwita Bisibisi, aliniambia dawa ipo: kufuta kila kitu na kuweka mfumo mwingine, usio wa kiwandani. Nilisoma maelekezo kama mtu anayesubiri mtihani, nikasitasita, maana simu ikinyamaza ghafla angejua. Nikachelewa. Aliona kwenye ramani kwamba nashinda kwa fundi. Akaingia dukani, akautia mkono wa Bisibisi kwenye droo, akaipiga droo teke. Vidole viwili vikavunjika. Nyumbani akamgongesha Mama uso kwenye mlango wa kabati, tena na tena, huku akiniuliza mimi kama somo limeniingia. Jino la Mama nililiokota chini ya meza. Bisibisi naye akaniletea salamu kwamba mkono wa kushoto bado haujafukuzwa kazi, niseme neno tu.

Sikusema. Kulipokucha nilimpigia, kwa simu hiyohiyo, dereva wa lori la magodoro, ambaye namba yake imechorwa ubavuni mwa lori, kisha nikaenda kuichomeka simu ndani ya godoro moja kabla hawajaondoka. Baba wa kambo alipoona kwenye ramani kwamba natoka mjini, alirukia pikipiki akiwa na nondo. Mimi na Mama tukakimbilia kwa shangazi. Wapakiaji walimpokea kwa vyuma vya kufungulia magurudumu. Taya limevunjika, mbavu pia, na mpaka leo hajafumbua macho. Mama anadhani ni ugomvi wa barabarani tu.

Dada, nilimwambia dereva kwamba anafuatwa na jambazi wa pikipiki aliyemuua utingo mmoja. Hakuna utingo aliyeuawa. Nilijua jambazi hufanywa nini. Nililichagua neno hilo taratibu, kama ninavyochagua maneno ya insha.

Leo dereva amenirudishia simu aliyoikuta kwenye godoro, akinishukuru. Bisibisi ameiunganisha na kompyuta, akanitania kwamba sasa tajiri wa simu nimekuwa mimi, nibonyeze tu yote yafutike. Hajui kwamba humo mna vitisho vyote vya baba wa kambo, na mna sauti yangu pia. Vingefutika pamoja.

Mtunze Mama. Bado hawezi kutafuna, na hatasema kwamba anaumia. Msalimie shangazi.

Sikubonyeza. Nilichomoa waya, nikavuka barabara hadi kituo cha polisi, nikaiweka simu mezani kama ilivyo, nikawaambia waanze na mazungumzo yangu na dereva. Askari ameniambia niketi. Nakuandikia nikiwa hapa kwenye benchi, ananisubiri nimalize.

Ni mimi mdogo wako,
Msoma Vitabu