Danford kajifungia na mashine ya ozoni

Lilian, acha kila kitu usome!!

Danford, tabibu wetu hapa Nyamongo, leo kajifungia wodini na mashine ya ozoni INAWAKA. Ile gesi ya kuua virusi, chumba kinatakiwa kiwe kitupu!

Rhobi wa usafi kamwambia, "Daktari toka, imeandikwa mtu asikae humo."

"Nina mafua, acha iue virusi vyangu."

VIRUSI VYAKE, Lilian!!

Baada ya dakika kumi tukasikia anakohoa kama ng'ombe aliyekabwa na gunzi. Rhobi akabana pumzi, akaingia, akamburuta hadi uani. Kifua kinambana, namwekea oksijeni.

Alipopata sauti akauliza, "Mganga mkuu amejua?"

Rhobi akajibu, "Huyo bado. Nimempigia mkeo."

Jamaa akageuka kuutazama mlango wa wodi, nikajua anatamani kurudi ndani.