Mafuta ya Mama

Jumatatu, 12 Mei 1997
Majibu ya damu ya Mama yamerudi kutoka Dar. Kolesterol iko juu mno. Mama! Mwembamba vile, mafuta yamekaa wapi? Daktari anasema wembamba si hoja. Mafuta yakizidi kwenye damu huenda yanaziba mishipa ya ubongo, na huku kusahau kwake huenda kunatokana na hapo. Huenda. Wataalamu wenyewe bado wanabishana. Lakini nimpunguzie mafuta.

Basi si uchawi kama watu wanavyosema! Nimelia kwa furaha pale pale kwenye benchi la hospitali.

Jumanne, 13 Mei
Mawese yote nimempa jirani, Rosa. Kacheka — ugonjwa wa mabosi huo, Kibaoni umefikaje? Acheke tu. Daktari kasema nipunguze, mimi naondoa kabisa. Mishipa ikizibuka Mama atanikumbuka.

Jumapili, 25 Mei
Kambale wa kuchemsha, mchicha wa kuchemsha. Mama anasukuma sahani. Leo kamwambia Rosa kwamba mwanamke wa nyumba hii anamtesa, ila binti yake Agnella akija atamkomesha.

Agnella ni mimi!

Jumamosi, 31 Mei
Hataki kula kabisa. Gauni la kanisani linamvuka mabegani. Asubuhi nimemkuta barabarani na kisu cha kuvunia, eti anawahi mpunga Idete. Shamba lile tuliliacha tangu Baba afariki. Kaka Amedeus kaja kutoka kijijini kwake Mbingu, kafoka: unamuua Mama kwa njaa! Nimemjibu vibaya. Nimechoka. Mungu wangu, nimechoka.

Jumanne, 3 Juni
Nimerudi kwa daktari. Kashika kichwa. Alisema nipunguze, hakusema nimkaushe! Na kumbukumbu hakuahidi kwamba itarudi. Mpe anachokula, dada.

Nimeomba mawese kwa Rosa. Nimekaanga kitunguu, nikaunga kambale. Harufu ikamtoa Mama chumbani mwenyewe. Kanawa mikono, kaketi mkekani, miguu kaikunja kama msichana. Kanitazama kwa upole — tangu lini sijatazamwa hivyo! — akaniamkia. Shikamoo, mama.

Mimi! Nikamwambia, Mama, ni mimi Agnella, kula. Karudia. Hagusi tonge. Bibi ndivyo alivyowalea akina Mama: mtoto hali kabla salamu yake haijaitikiwa.

Nikisema marahaba, nimekubali kwamba mama sina tena. Nisiposema, hatakula.

Nimekimbilia jikoni, naandika huku mikono inanuka kitunguu. Mchuzi unapoa. Kanifuata mlangoni, anadhani nimemkasirikia —

"Shikamoo, mama."