Mkono wa Kulia wa Mama

Nairobi, 9 Februari 1985

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya usiku huku yanitesa. Habari za Sabaki, na mbuzi je? Mkono waendeleaje?

Daktari wa Malindi ameniandikia. Mifupa mizima, mishipa mizima, na bado mkono wako haushiki hata kuti moja la kushona. Maradhi ya namna hii, ya neva, ndiyo tunayosoma chuoni, na mwalimu ametutaka tuwalinganishe wataalamu wa zamani wa Ulaya. Wa Paris alisema ni damu: ugonjwa umelala katika ukoo, mshtuko unauamsha tu. Mwanafunzi wake akasema ni akili iliyochoka, haiwezi tena kushika mambo yake yote pamoja. Wa Vienna akasema mtu amemeza jambo asiloweza kulisema, mara nyingi la unyumba, likamtokea mwilini. Mwenzake akamkatalia: ni kudharauliwa tangu utotoni, na ugonjwa ndio ngao.

Kwako ni lipi, Mama? Asubuhi ile mkono ulipokufa, kulitokea nini? Nieleze yote, usiache kitu. Nadhani dawa iko hapo.

Binti yako,
Easter

Sabaki, 2 Machi 1985

Easter,

Hatujambo. Barua yako imesomwa uani mbele ya majirani na wazee wa kanisa, tukidhani ina habari njema. Umenivua nguo! Mimi mjane wa miaka tisa, waniambia mkono umekufa kwa hamu ya unyumba? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu; wewe nilikufunza, ulimwengu ukaja ukafuta yote.

Jibu ni la huyo wa Paris. Ni damu. Nyanyangu naye mkono ulimfia. Asubuhi ile hakukutokea kitu, wala usiulize tena.

Mamako
(kwa kalamu ya babako mdogo Karisa, ambaye naye amekasirika)

Nairobi, 20 Machi 1985

Mama,

Shikamoo, japo naandika nimefura. Nani alikuambia barua ya mtu isomwe uani kama tangazo la harusi? Unyumba ulikuwa neno moja. Swali langu lilikuwa la asubuhi ile, nawe umelipiga teke. Eti damu! Mbona nyanya huyo hukuwahi kunitajia? Nimeandika damu katika kazi yangu kwa sababu yako, mwalimu akanisifu, nami naona haya.

Kama hutaki kupona, baki hivyo. Sitauliza tena. Baba mdogo, asante kwa kumsomea.

Easter

Sabaki, 12 Januari 1986

Easter mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Naandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Usizicheke herufi. Nimesoma ngumbaru kanisani miezi tisa, Hannah ndiye mwalimu. Karisa alidhani naenda kwaya.

Barua zako nilizificha chini ya godoro. Juzi nimezisoma. Nimelia kwa hasira. Lile swali la asubuhi sikusomewa. Karisa alisoma ya unyumba kwa sauti, watu wakacheka, akakunja karatasi. Ya damu sikuyasema mimi. Nyanyangu alishona makuti mpaka wiki aliyokufa.

Sasa nakujibu. Asubuhi ile Karisa alileta karatasi. Akasema ni ya mahindi ya msaada, yale ya manjano, tia dole hapa. Nikatia. Saa nne mzee wa mtaa akaniuliza mbona nimempa Karisa shamba la babako. Nikatazama dole, lina wino bado. Mkono ukaanguka. Nilitaka kukwambia siku hiyo hiyo. Ningekwambia kwa kalamu ya nani?

Wazungu wako wana akili. Huyo wa jambo lililomezwa alikaribia. Lakini wewe msomi wangu uliuliza yote, hukuuliza nani anasoma na nani anaandika. Hilo limeniuma kuliko ya Karisa.

Tarehe tatu Februari naenda ofisi ya ardhi Kilifi. Mkono bado umekufa. Njoo twende pamoja. Usipokuja nitakwenda na Hannah. Barua ipitie kwake.

Mamako,
Jaha Kambi

Hiyo ndiyo sahihi yangu. Itazame vizuri. Dole sitii tena popote.