Siku Nne Bukoba, na Sufuria Isiyorudi Ndani

Muleba, Kagera
Ijumaa, baada ya swala ya mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ipokee ukiwa umekaa, maana najua ukisikia barua imefika utaisikiliza umesimama mlangoni, na lile goti lako halitaki. Linaendeleaje? Dawa ya kuchua uliyopewa hospitali bado unayo, au umeshamgawia jirani? Bibi anapata usingizi? Na mvua, imegusa Kondoa, au mawingu bado yanawapita tu juu ya paa?

Sisi huku ni wazima. Nimenenepa. Ashirafu anasema siku hizi mashavu yangu yanaitikia salamu kabla yangu.

Halima, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma taratibu. Kuna sehemu utaona aibu. Hizo soma haraka, lakini usiziruke.

Mama, wiki iliyopita uliniuliza kwenye simu, "Mnakuja lini?" nikakwambia mtandao unakatika. Haukukatika. Niliikata simu mimi mwenyewe, kisha nikakaa kitandani nikiitazama. Nisamehe. Nakumbuka vizuri kwamba siku ya harusi Ashirafu alikuahidi mbele ya wajomba tutakaa kwao miezi sita tu, amalize kazi yake ya kitalu cha miche ya kahawa, halafu anirudishe tuishi karibu nawe. Nakumbuka pia ulichoniambia sikioni wakati unanifunga mtandio: "Kule utakuwa mgeni mpaka ufe." Miezi sita inaisha mwezi ujao. Jibu la swali lako halikutoka kwa simu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Ila kwanza nikupeleke Bukoba, tulikokwenda kabla ya simu yako, maana usipoiona hutanielewa.

Ashirafu ndiye aliyesema hatuwezi kuondoka mkoani bila mimi kuuona mji. "Ukifika Kondoa utaulizwa Bukoba ikoje. Utajibu nini? Umeona migomba?" Basi tukafunga begi moja kwa siku nne. Tulifikia Nshambya kwa shangazi yake, Shangazi Zaituni, dada wa marehemu baba yake. Huyu ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo, ndiye anayemwita Mama akijisahau. Harusini hakuweza kuja kwa sababu ya presha, kwa hiyo tulikuwa hatujawahi kuonana. Njia nzima nilikuwa narekebisha mtandio.

Sasa Mama, gari lilipofika mahali barabara inapoanza kushuka, Ashirafu akanifunika macho kwa kiganja. Nikasikia abiria wa nyuma akisema, "Bwana harusi, mwachie dada aone." Alipoutoa mkono wake nilisahau hata kupumua. Chini kulikuwa na mji, mabati mekundu na ya kijani katikati ya miti, na baada ya mji kulikuwa na maji, na baada ya maji, maji tena, mpaka yanakutana na mbingu na huwezi kusema mpaka uko wapi. Nimesoma habari za Ziwa Viktoria darasa la nne na nimelichora kwenye daftari kwa penseli ya bluu. Nililichora dogo sana. Mwalimu alinipa vema, lakini naona sasa hakupaswa kunipa.

Tulipofika tu tulimwamkia Shangazi, tukaweka begi, akatufukuza. "Nendeni mkalione, mtakula mkirudi." Ufukweni mchanga ni mweupe kama unga wa muhogo. Nilivua viatu nikaingia maji mpaka magotini, nikachota kwa kiganja nikaonja. Hayana chumvi, Mama. Maji yote yale, mawimbi yote yale, na unaweza kuyapikia uji. Nikawaza jinsi wewe na Halima mnavyofukua mchanga wa mto mkavu, mnasubiri maji yajikusanye kwenye kishimo, mnachota kwa kikombe. Nikaziba mdomo kwa kiganja. Ashirafu akauliza kama nimemeza mdudu.

Tukiwa pale pale ndege ndogo ikatokea ziwani, imeshuka chini kiasi kwamba niliona matairi yake, ikapita juu ya vichwa vyetu kwenda kutua, maana uwanja wa ndege umepakana na ufukwe. Nilimrukia Ashirafu shingoni. Watu waliokuwa wanaota jua hawakunyanyua hata shingo. Yeye akanishika kiuno akasema, "Zinakuja mbili kwa siku. Tusubiri nyingine?" (Halima, haraka hapa.)

Siku ya pili tulipanda boti ya injini kwenda kisiwa cha Musira, kile unachokiona mbele ya mji kama mtu aliyelala kifudifudi. Tulivalishwa maboya ya rangi ya chungwa. Ukikikaribia, majabali yanasimama wima kutoka majini, marefu, na ndege weupe wamejipanga kwenye nyufa kama nguo zilizoanikwa. Nilitaka kusema neno zuri nikalikosa, nikabaki nimemshika Ashirafu mkono. Amezaliwa huku na bado alikuwa amekodoa macho kama mimi. Nikampenda zaidi kwa hilo.

Na chakula, Mama. Ndizi hapa hazichemshwi hivi hivi. Zinapikwa pamoja na maharage mabichi na dagaa, zinafunikwa kwa majani ya mgomba, ukifunua ule mvuke unakupiga usoni na unahisi umesamehewa dhambi. Sato nilimla kwenye kibanda karibu na ziwa, amechomwa, mkubwa kuliko sahani, mkia unaning'inia nje. Halafu kuna senene, wale panzi wa kijani, wamekaangwa kwa chumvi. Nilifumba macho nikatafuna mmoja. Nilipoyafumbua, Ashirafu alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nikachukua wa pili. Akacheka mpaka mama muuzaji akamwambia, "Mwache mkeo ale, wewe umekula tangu utoto." Mpaka tunafika nyumbani kifuko kilikuwa kitupu, na si yeye aliyekimaliza.

Ndiyo siku ya tatu nikaona na mimi nimfurahishe. Nikamwomba Shangazi aniachie jiko mchana. Akanitazama, akasema, "Haya, tuone Kondoa wanapikaje." Akaenda kwa jirani kwenye hitma, Ashirafu akaenda kumwona rafiki yake kule Kagondo. Nikaenda sokoni peke yangu, nimejaa kiburi.

Kwa wauza samaki akina mama wakanizunguka kwa maneno.

"Dada, unampikia nani?"

"Mume wangu."

"Wa muda gani?"

"Miezi mitano."

"Huyo bado anakula chochote," akasema mmoja, wengine wakaangua kicheko. "Mchukulie kamongo. Minofu mitupu, hakuna miiba ya kumkaba."

"Na nguvu," akadakia mwingine. "Kesho hataamka kwenda kazini." (Haraka, Halima.)

Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa kimya, akauliza, "Mumeo ni wa ukoo gani?" Nikajibu, "Wa Muleba." Wakatazamana. Yule mama akasema, "Muleba si ukoo, mwanangu," lakini muuzaji alikuwa ameshanifungia vipande vyangu, na mimi nilikuwa na haraka ya moto.

Nilimpika kama ulivyonifundisha. Nilimkaanga kidogo, nikamuunga kwa nyanya na zile karanga za kusaga ulizonifungia. Nyumba nzima ilinukia. Nikatandika mkeka, nikaweka ndizi katikati, sufuria pembeni, nikajifunga kanga mpya.

Walikaa. Wakanawa. Ashirafu akafunua sufuria akitabasamu, akatazama ndani, akaifunika tena polepole. Shangazi alikuwa ameshainua pua.

"Nani kaleta hii?"

"Mimi, Shangazi. Ni kamongo."

Hakuna aliyesogeza mkono. Ashirafu akasema, "Shangazi, hajui. Kosa ni langu."

"Kwamba hajui naona. Nakuuliza wewe, kwa nini hajui?"

Ashirafu akashika tena kifuniko cha sufuria, akakiacha.

"Kila mke aliyeingia katika ukoo huu aliambiwa mwiko wetu wiki ya kwanza. Mimi niliwaambia wake za kaka zangu wote. Wewe umekaa na huyu miezi mitano. Ulikuwa unangoja nini?"

Mume wangu, Mama, ambaye hajawahi kukosa neno, alitazama mkeka. "Nilimwahidi mama yake nitamrudisha kwao. Tunaondoka mwezi ujao. Niliona nisimbebeshe mambo ya huku."

Hivyo ndivyo Shangazi alivyojua tunaondoka. Hatukuwa tumemwambia. Akasema, "Kumbe nimeletewa mgeni." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Akainuka, akashika sufuria kwa majani ya mgomba mikono isiiguse, akatoka nayo nje, akamwita jirani ambaye ukoo wake hauna shida na kamongo. "Chukua, mwanangu. Chukua na sufuria. Usiirudishe." Jirani akafunua, akanusa, akasema, "Shangazi, na kesho kuna atakayekosea?" Ashirafu akajikuta anacheka, akajikaza haraka. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango wa jiko, machozi yanadondokea ile kanga mpya.

Shangazi alinikuta huko. Akavuta kigoda, akanipa kisu, akaweka mkungu mbele yetu. "Menya. Njaa haingoji mtu alie." Tukamenya ndizi za chakula kingine. Baada ya muda akasema, bila kuniangalia, "Huku kila ukoo una kitu chake kisicholiwa. Tunaita omuziro. Sisi ni kamongo. Hatumli, hatumpiki, hatumgusi. Sababu yake hata mimi sikuambiwa yote. Ukizaa, wanao hawatamla, na wewe ndiye utakayewaambia. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

"Mgeni hatumwambii. Mgeni tunampikia kuku tu, anaondoka. Mimi nimekwambia."

Mama, nilishindwa kumenya. Maneno yako ya siku ya harusi nilikuwa nimeyabeba kwenye begi miezi mitano, kila asubuhi nikiyakuta juu ya nguo. Kila mtu huku alikuwa amenikaribisha vizuri, vizuri mno, kiti cha mbele, kipande kikubwa, na ndiyo maana niliamini ulisema kweli. Siku hiyo nimeharibu chakula, nimepoteza sufuria ya watu, nimemwaibisha mume wangu mbele ya aliyemlea, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu alizungumza nami kama wa nyumbani. Niliambiwa kisu nakishika vibaya pia.

Siku ya nne asubuhi tulienda tena ziwani, mimi na Ashirafu, tukakaa kwenye mawe upande wa Bunena. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka, ziwa lote lilikuwa la rangi ya maziwa, na kisiwa kilielea hewani bila maji chini yake. Ashirafu alirusha kijiwe majini kabla ya kuanza.

"Ahadi niliitoa mimi," akasema. "Nitaitimiza. Kazi ya Kondoa nimeshaulizia. Sitaki siku moja useme nilikuiba kwa mama yako."

"Na wewe unataka nini?"

"Usiniulize mimi. Mimi nikijibu, utalifuata jibu langu."

Sijui, Mama, kama umewahi kupendwa namna hiyo. Nadhani Baba alikupenda hivyo, maana bado unakunja shati lake. Nililitazama lile ziwa mpaka ukungu ukaachia, na bado upande wa pili haukuonekana, nikasema, "Nataka kubaki." Nililisema kwa sauti ndogo. Yeye alilia. Mwanaume mzima, akajifanya anaosha uso.

Hilo ndilo jibu nililolikatia simu. Nataka kubaki, ila si kwa kukukimbia, na si kwamba nimesahau goti lako na kile kishimo cha mtoni. Ashirafu anasema ahadi ilikuwa kwako, kwa hiyo wewe ndiye wa kuifungua. Ukisema hapana, mwezi ujao utatuona mlangoni na sitanuna, nakuapia. Ukisema ndiyo, tutakuja Kondoa kila mwaka baada ya mavuno ya kahawa, tukae mpaka mtuchoke. Na kabla ya hapo tunakuomba wewe uje, Halima akusindikize. Utafikia kwa Shangazi. Mimi nitakushika mkono mpaka kwenye maji.

Nisalimie Bibi, mwambie senene ni watamu kuliko kumbikumbi wake na asikasirike. Nisalimie Mjomba mkubwa, aliyesimama badala ya Baba siku ya ndoa. Mwombe asikuharakishe kujibu. Nisalimie mama jirani aliyenisuka kwa ajili ya harusi, na mdogo wangu wa mwisho, asome. Halima, asante kwa sauti yako.

Tulipokuwa tunaaga, Shangazi alimfungia Ashirafu ndizi, akanishika mkono akauliza, "Na ninyi kwenu hamli nini?" Nikasema sijui. "Msichana amefika kidato cha nne, hajui kwao hawali nini," akasema. "Muulize mama yako. Akija hapa, nisije nikamwekea mbele kitu asichokula." Amenipigia tangu juzi mara mbili kuuliza kama umeshajibu. Mama, niambie nimjibu nini.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi, mke wa Ashirafu